KUTU YA NDANI KWA NDANI: Kabla hujanunua Noah au Hiace inayong'aa, soma hii

Kuna vijana kibao wanachangishana au wanakopa ili wanunue Noah au Hiace waingize njia ya Korogwe–Handeni. Wengi wakienda kuangalia gari wanaangalia rangi, wanasikiliza injini, wanawasha redio, basi. Leo tuongelee kitu ambacho hakionekani mpaka siku kiti kinang'oka na abiria wake: kutu inayokula bati kutokea ndani.

Kwanza tuelewane. Fuso au Land Cruiser ina chesesi yake, bodi imewekwa juu. Noah haina hiyo chesesi, bodi yenyewe ndiyo chesesi. Yaani ni mabati membamba yamekunjwa na kuunganishwa yakawa maboksi yenye uwazi ndani, na kubwa kuliko yote ni lile refu linalopita chini ya milango. Boksi lile likioza, gari linabaki limeshikiliwa na rangi. Likigongwa ubavuni hakuna cha kumkinga mtu.

Kutu inataka vitu vitatu tu: chuma, maji na hewa. Chumvi ikiongezeka mambo yanakwenda mbio zaidi. Maji yanaingia kwenye boksi kupitia mpira wa mlango uliochoka, kioo cha mbele, au yale matundu wanayotoboa kufunga keria bila kupaka rangi kwenye kingo. Kiwandani waliacha vitundu kwa chini ili maji yatoke, lakini huku kwetu masika moja tu vimeshazibwa na tope jekundu. Maji yanakaa humo wiki nzima. Na abiria wakijazana kwenye mvua, vioo vimefungwa, pumzi zao zinakuwa maji yanayotiririka nyuma ya plastiki za ndani. Wale wanaogeuza Hiace kuwa gari la kulala (Japan wapo wengi) wanalijua sana tatizo hili, manake wao wanapumua humo usiku kucha.

Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana inasukuma rangi mpaka inatoka malengelenge. Kwa hiyo ukiona lengelenge nje, ndani kazi ilishaanza siku nyingi.

Mengine yanakuja na kutu yake kutoka Japan. Sehemu zenye theluji kama Hokkaido na Tohoku humwagwa chumvi barabarani wakati wa baridi. Muulize muuzaji karatasi ya mnada: kwenye ule mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni bati lililoliwa. Asipokuonyesha, jiulize kwa nini. Halafu lifike huku lipakie mbuzi, mikojo imwagike sakafuni, kesho mbolea ya chumvichumvi, keshokutwa samaki wa Tanga na maji yao ya chumvi. Na Handeni maji yamekuwa shida miaka mingi, nani atapoteza ndoo tatu kuosha uvungu wa gari? Anaoshewa abiria akione kinang'aa.

Msidhani ni umaskini wetu tu. Marekani, mwaka 2016, Toyota ilikubali kumaliza kesi ya chesesi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zinaoza. Yalikuwa magari kama milioni 1.5, na gharama ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4.

UKIENDA KUKAGUA

Chukua sumaku ya spika mbovu, izungushie kitambaa usichubue rangi ya watu. Pitisha chini ya milango na juu ya matairi. Pale inaposhika vizuri ni bati. Pale inapoteleza ni puti, na puti nene maana yake kuna kitu kimefunikwa. Kisha gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi: bati zima linalia, lililooza linatoa mlio mfu. Inua kapeti, tazama pale viti na mikanda vinapofungwa, na reli ya mlango wa kuvuta. Ingia uvunguni na tochi uangalie paipu za breki. Kama uvungu mzima umepakwa rangi nyeusi mbichi wiki ileile ya kuuza, mimi ningeondoka.

KUTIBU

Hapa ndipo tunapopigwa. Fundi anakwangua kidogo, anapaka puti, anapiga rangi, unalipa. Puti inanyonya unyevu na kuushikilia kwenye bati, kwa hiyo umelipia kutu ipate godoro. Dawa ni kukata bati lote lililooza mpaka ufike kwenye zima na kuchomelea bati jipya. Kutu ya juu juu isugue kwa brashi ya waya, osha kwa maji baridi kutoa chumvi, acha ikauke KABISA. Ile dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori inageuza kutu iliyobaki kuwa utando mgumu. Baadaye redi oksaidi, halafu rangi ya juu, manake redi oksaidi peke yake inapitisha maji.

Wengi wanasahau kwamba moto wa kuchomelea unaunguza rangi ya upande wa ndani wa boksi. Usipopitisha oili au nta humo kwa mpira mrefu kupitia kitundu, mwakani mnarudi palepale.

Kabla ya kuchomelea toa waya za betri, kapeti na viti, jua tangi la petroli liko wapi, weka mchanga karibu. Na bati lenye zinki likiungua linatoa moshi unaompa fundi homa usiku, afanyie nje penye upepo.

KUZUIA

Kuhusu oili chafu, najua wazee wa gereji watanipinga. Inasaidia kuzuia maji, sikatai, ila inalainisha bushi na mipira, ina uchafu mbaya kwa ngozi, na inadondoka ardhini tunapochota maji. Oili mpya iliyolainishiwa grisi ni bora. Nta ya nyuki pia inafaa, na Handeni warina asali wapo. Iyeyushe kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, usiweke juu ya moto wenyewe. Chochote utakachotumia kisiguse breki wala ekzosi.

Ila kazi kubwa kuliko zote haina gharama. Kila baada ya mvua zibua vile vitundu vya chini kwa waya mwembamba, na ukishabeba mifugo, mbolea au samaki, maji ya kwanza yaende sakafuni na uvunguni, rangi baadaye. Kapeti likilowa litoe lote lianikwe juani, usifute juu tu.

Mafundi wa bodi mliopo humu, nyie mnapitisha nini ndani ya boksi mkishachomelea? Tuambieni hapo chini.