Vifaa vya Urembo na Hatari kwa Macho

Ncha ya brashi ya maskara, kalamu ya wanja au kibano cha kukunja kope huweza kukwaruza konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho. Bakteria wakipenya katika mkwaruzo huo, mtu aweza kupoteza uwezo wa kuona.

Madhara ya vipodozi vya macho yalichangia kubadilisha sheria mjini Washington. Katika miaka ya 1930, rangi ya kope iitwayo Lash Lure iliwapofusha baadhi ya wanawake nchini Marekani, lakini sheria ya mwaka 1906 haikuhusu vipodozi. Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria mpya Juni 25, 1938.

Idara ya Chakula na Dawa, FDA, ambayo makao yake makuu yapo Silver Spring, Maryland, ndiyo inayoisimamia. Idara hiyo hairuhusu wanja wenye madini ya risasi, ambao hutumika katika jamii nyingi, hata kwa watoto wachanga.

Wataalamu wanashauri kutojipamba ndani ya gari linalotembea, kutoazimana maskara, kuitupa baada ya miezi mitatu, na kutoilainisha kwa mate inapokauka.

Jicho likikwaruzwa, lisisuguliwe. Lioshwe kwa maji safi. Iwapo kitu kimechoma jicho, kisichomolewe wala jicho lisioshwe. Lifunikwe bila kukandamizwa, na majeruhi apelekwe hospitali mara moja.