Sauti ya Om katika mizani ya sayansi

Mjini Kericho, kati ya mashamba ya chai yanayoenea hadi Bomet, tamko la "Om" si geni. Wahindu hulitumia kufungulia sala. Masingasinga, ambao dini yao ni nyingine, wanalo neno la ukoo huo huo, "Onkar", katika tamko linalofungua kitabu chao kitakatifu. Gurdwara kubwa ya mji huo ni kumbukumbu ya Baba Puran Singh, aliyeishi Kericho kabla ya kuhamia Uingereza.

Om ni sauti tatu zinazofuatana bila kukatika: a, u na m. Ya kwanza hutoka kinywa kikiwa wazi, ya pili midomo ikiwa imeviringwa, na ya tatu midomo imefumbwa, pumzi ikipitia puani. Nyuzi za sauti za mwanamume hutetema takriban mara 120 kwa sekunde, na pamoja na mtetemo huo huzuka mingine ya mara 240, 360 na kuendelea. Midomo inapofumbwa, mitetemo ya juu hufifia na ya chini hubaki. Ndio mvumo anaouhisi mwimbaji puani na kifuani.

Mwaka 2008, Ajay Gurjar na Siddharth Ladhake wa India walichapisha uchanganuzi wa sauti hiyo kwa kompyuta, wakahitimisha kuwa huleta utulivu wa akili. Hitimisho hilo ni zito mno kubebwa na mchoro wa sauti peke yake.

Vipimo vya mwili vina uzito zaidi. Mwaka 2001, Luciano Bernardi wa Italia na wenzake waliwapima watu 23. Rozari ya Kilatini na mantra ya Kibudha inayoanza kwa "om" zote zilipunguza pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika, na mwili ukadhibiti vyema zaidi shinikizo la damu. Huenda basi Mkatoliki wa Bomet na Mhindu wa Kericho, kwa upande wa mapafu, wanafanya jambo moja.

Mwaka 2011, watafiti wa Bangalore walipiga picha za ubongo za watu 12. Om ilituliza sehemu zinazohusika na hisia, ilhali "sss" haikufanya hivyo. Lakini "sss" haitetemeshi nyuzi za sauti hata kidogo. Kwa hiyo tofauti hiyo yaweza kuwa imeletwa na mvumo, wala si neno lenyewe.