Filimbi ya Bati na Namna ya Kuitambua

Tangu muziki wa mtaala mpya ufike darasa la nne mwaka 2020, wazazi wengi wa Kwanza, Endebess na Kitale mjini wameijua filimbi ya plastiki, yenye matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba, ambayo watoto huipuliza jioni hadi majirani wakaikariri nao. Basi aliyeizoea hiyo, akimtazama Spider Stacy, mpiga filimbi wa The Pogues, kundi lililoanza London mwaka 1982 na kuchanganya nyimbo za Ayalandi na kelele za panki, aghalabu hudhani ameiona ala ile ile ya mwanawe. Sivyo. Aliyoishika Stacy ni filimbi ya bati, nayo ina matundu sita tu, wala nyuma haina tundu lolote.

Asili yake hutajwa kuwa mwaka 1843, katika kijiji cha Coney Weston, jimbo la Suffolk, Uingereza, alikokuwako kibarua wa shamba jina lake Robert Clarke. Bamba la bati wakati huo lilikuwa kitu kipya na rahisi, naye alilikunja likawa mwanzi ulio mpana juu na mwembamba chini, akatia kizibo cha mti mdomoni ili pumzi ipite katika upenyo mdogo na kukatwa na ncha ya bati. Yasimuliwa kwamba alifunga safari kwa miguu hadi Manchester, akiziuza njiani, na kwamba vibarua wa Kiayalandi waliozinunua ndio waliozipeleka kwao. Ala iliyozaliwa mikononi mwa maskini, ikanunuliwa na maskini kwa senti chache: hilo kwangu ndilo linaloeleza kuenea kwake kuliko sifa nyingine yoyote.

Mwenye kutaka kujua mpigaji ameshika ya aina gani na aanze na umbo. Ya Clarke hupungua unene kadiri inavyoshuka, na mgongoni ina mshono mahali bati lilipokutana. Sauti yake ina pumzi nyingi, kama ya mtu anayenong'ona kwa nguvu. Ya chapa ya Generation ni mwanzi ulionyooka, wa shaba ya manjano au uliopakwa nikeli, nao umevikwa mdomo wa plastiki, mwekundu au wa buluu, unaoonekana hata kutoka mbali jukwaani. Kisha utazame urefu. Ile iitwayo ya D, ambayo nyimbo nyingi za Ayalandi hupigwa kwayo, ni takriban sentimita 30. Ikiwa mara mbili ya hapo na vidole vya mpigaji vimetanuka kwa taabu, hiyo ni ya sauti nzito, ambayo Bernard Overton alimtengenezea Finbar Furey mwaka 1971 kwa alumini. Nayo ile fupi ndiyo iliyowafaa watu wa panki, maadamu sauti yake kali hupita juu ya ngoma na magitaa, pasipo kuhitaji nguvu nyingi za mpulizaji.

Sikio nalo ni shahidi. Vijana wa Afrika Kusini waliopiga muziki wa kwela miaka ya 1950, Spokes Mashiyane akiwa mashuhuri wao, waliisukuma filimbi hiyo hiyo ndani ya shavu kwa kuielekeza upande, ikatoa sauti nene na nyororo isiyosikika Ayalandi kamwe. Wimbo wao wa Tom Hark, wa mwaka 1956, ulivuma hata Uingereza miaka miwili baadaye. Ala ilikuwa ya kiwanda; sauti ilikuwa yao.

Waayalandi si wageni Kitale, kwani dayosisi ya Katoliki ilipoundwa mwaka 1998 askofu wake wa kwanza, Maurice Crowley, alikuwa mzaliwa wa nchi hiyo. Walakini kabla ya wageni wote eneo hili lilikuwa na filimbi zake. Wabukusu wa Bungoma wana kumulele, sahibu wa ala za litungu na siriri, nao Waganda, ng'ambo ya Mlima Elgon, wana endere yenye matundu manne. Yanisikitisha kwamba yupo awezaye kubainisha Generation na Clarke kwa kutazama picha tu, ilhali kumulele inayoning'inia ukutani kwa mtu Kimilili au Webuye haina karatasi inayotaja hata mti iliyochongwa kwao.

Makumbusho ya Kitale yalianza mwaka 1926 kwa mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham, mtu aliyependa vipepeo na ndege, na yakafunguliwa mjini kuwa ya taifa mwaka 1974. Kwa bidii kama ile ya wakusanyaji wa wadudu, aliyerithi kumulele kwa babu yake na aandike sasa, wazee wangali hai: ni ya mti gani, urefu gani, matundu mangapi na umbali baina yao, nani aliyeitoboa, na ilipulizwa katika shughuli zipi.