Je, Inafunguka?

Tangu kompyuta za mezani zianze kuuzwa madukani, kumekuwapo mvutano kati ya anayeitengeneza na anayeinunua. Mtengenezaji angependa kuiuza kama redio: mwenyewe aiwashe, aitumie, ikichakaa anunue nyingine. Mnunuzi, hasa yule aliyejinyima ili aipate, ana swali lake: je, inafunguka?

Mvutano huo uliwahi kuwagonganisha hata marafiki wawili. Steve Jobs na Steve Wozniak, waanzilishi wa Apple huko California, walikuwa wakiandaa mashine yao ya Apple II, iliyotoka mwaka 1977. Jobs alitaka iwe na nafasi mbili tu za kuchomekea kadi, moja ya printa na moja ya modemu. Wozniak, ambaye ndiye hasa aliyekuwa fundi, alishikilia ziwe nane, na akashinda. Kifuniko chake kiliinuliwa kwa mikono mitupu. Watu wakabuni kadi za kila namna. Mwaka 1980 Microsoft ikauza kadi iliyoiwezesha Apple II kuendesha programu zilizoandikiwa mashine za aina nyingine kabisa.

IBM nayo, ilipotoa kompyuta yake tarehe 12 Agosti 1981, iliweka nafasi tano, na ikachapisha kitabu chenye michoro ya saketi zake.

Jobs hakubadili msimamo. Macintosh yake ya Januari 1984, iliyouzwa dola 2,495, ilipendeza mno kwa macho. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128 tu, nafasi ya kadi haikuwapo hata moja, na skrubu zake zilidai bisibisi maalumu yenye shingo ndefu. Aliyetaka kunakili disketi alichomoa hii na kuchomeka ile mpaka mkono ukachoka. Kumbe mhandisi Burrell Smith, aliyebuni bodi yake, alikwisha kuacha njia humo ili chipu kubwa zaidi ziweze kutiwa baadaye! Ilipofika Septemba mwaka ule ule, ikatoka Macintosh ya kilobaiti 512. Jobs aliondoka Apple mwaka 1985, na mwaka 1987 ikatoka Macintosh II yenye nafasi sita.

La kushangaza ni kwamba mwaka huo huo wa 1987 IBM ikageuka. Katika mashine zake mpya za PS/2 ilileta nafasi za aina nyingine, ambazo kadi za zamani hazikuingia, na kampuni nyingine zikatakiwa kulipia kibali cha kuzitumia. Aliyekuwa na kabati zima la kadi azitupe wapi? Septemba 1988 kampuni tisa, Compaq ikiwa mbele, zikatangaza muundo wao uliopokea kadi za zamani. IBM ilibaki karibu peke yake na muundo wake.

Sisi tunaonunua mashine zilizokwisha kutumika Ulaya tunaelewa sana habari hii. Fundi huchomoa kumbukumbu katika mashine iliyokufa akaitia katika iliyo hai, na kazi ya ofisi ikaendelea. Kilichogandishwa kwa risasi kwenye bodi hakimsaidii.

Apple ilirudia kosa mwaka 2013 kwa Mac Pro iliyofanana na mtungi mweusi, nafasi za kadi hakuna. Aprili 2017 wakuu wake wenyewe walikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba umbo lile liliwabana. Mac Pro ya 2019 ikaja na nafasi nane, idadi ile ile ya Wozniak. Toleo la mwaka 2023 lilibakiza nafasi za kadi, ila kumbukumbu imeunganishwa na prosesa. Mnunuzi wa mashine hiyo hukadiria siku ya kulipa kiasi kitakachomtosha kwa maisha yake yote, maana baadaye haongezi hata kidogo.