Kapeti Imeoshwa Lakini Bado Inakaa Chafu? Soma Hii Kabla Umzushie Msee wa Kuosha

Jumamosi saa kumi na moja jioni. Kapeti imekauka kwa ukuta, kastoma amefika na boda kuichukua. Anaikunjua, anaangalia ile sehemu inakaanga mbele ya kochi, halafu anatoa ile maneno kila mtu wa kuosha kapeti Nairobi ashawahi kusikia: "Hapa hamjaosha." Hapo ndio noma inaanza. Yeye hataki kutoa doo, wewe umeinama tangu asubuhi na mgongo unauma.

Nimewahi kuwa upande wa mwenye brashi. Nilipoacha kolegi, kabla nianze kuandika, nilikuwa naosha magari na kapeti kwa base moja huko Kahawa West. Mathe mmoja alileta kapeti ya krimu, 7 kwa 10, na katikati ilikuwa na njia ya kijivu kutoka mlangoni hadi kwa kochi. Tuliiosha mara tatu siku hiyo hiyo. Njia haikutoka. Mathe akalipa nusu, na ile nusu ingine mdosi akaikata kwa pesa yetu. Ilinichukua muda kujua kwamba ile kapeti ilikuwa safi. Shida ni kwamba ilikuwa imechakaa, na hizo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Iko hivi. Kapeti ni maelfu ya nyuzi zimesimama. Vumbi ya Nairobi inaingia kwa dirisha, kwa mlango, kwa soksi, hata kama kwenu mnavua viatu nje. Ndani ya hiyo vumbi kuna punje za mchanga zenye makali, na zinazama hadi chini kwa mizizi ya nyuzi. Kila ukikanyaga, zinakwaruza nyuzi kama msasa. Sasa chukua simu yako, ile ya zamani yenye kioo kimejaa mikwaruzo. Ipanguse na kitambaa vile unataka. Bado inakaa kama iko na ukungu, si ndio? Kioo ni kisafi lakini mikwaruzo inatawanya mwanga. Kapeti hufanya hivyo hivyo. Uzi mpya uko laini na unarudisha mwanga vizuri, rangi inang'aa. Uzi umekwaruzwa unafifia, jicho lako linaona giza, na kichwa kinakwambia "uchafu." Hakuna sabuni inaziba mikwaruzo.

Kuna njia rahisi ya kumaliza ubishi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, sugua hapo pamefifia mara kadhaa. Kitambaa kikitoka na weusi, rudisha kapeti ioshwe tena, uko na haki. Kikitoka cheupe na bado pale panakaa kijivu, basi huo ni uchakavu. Lipa mtu wa watu.

Ile kitu ingine ni kulala kwa manyoya. Hizi kapeti ndefu za fluffy zenye kila bedsita siku hizi inazo, angalia lebo nyuma, mara nyingi utapata imeandikwa poliesta ama polipropilini. Ni nyuzi za bei poa, lakini zikishalala chini ya uzito siku nyingi, kusimama tena ni shida. Nailoni na sufu zinajaribu kurudi juu, ndio maana bei yake huwa juu. Kwa hivyo ule mguu wa meza uliacha shimo miaka miwili, kwa nailoni unaweza kuweka kipande cha barafu, kiyeyuke, kisha uinue nyuzi polepole na vidole, na panyanyuke kiasi. Kwa polipropilini, usijichoshe.

Na tafadhali usilete pasi. Polipropilini inayeyuka kwa nyuzi joto kama 160 hivi, na pasi ya pamba iko juu ya hapo. Hata kuburuta kochi nzito kwa nguvu juu yake kunaweza kuleta joto la msuguano na kuacha mstari unang'aa ambao hautoki milele. Kama unahama, inua kochi. Itisha mbogi wakusaidie.

Sasa tufike kwa ile inachanganya watu zaidi: kivuli. Kapeti ya rangi moja, pengine iko na miezi miwili tu, inaanza kuonyesha doa kubwa jeusi lenye ukingo wa kujipinda, kama mtu alimwaga ndoo ya maji akapotea. Kastoma anasema mtoto amemwaga kitu. Mtoto anakataa. Mtoto anasema ukweli.

Ushawahi kuona uwanja wa mpira kwa TV, ile mistari ya kijani nyepesi na kijani nzito? Hiyo si nyasi ya rangi mbili. Mashine ilikata ikienda na kurudi, nyasi zikalala upande huu na ule, na zile zimekuelekea zinakaa nyeusi kuliko zile zimekupa mgongo. Kapeti ni nyasi hiyo hiyo. Kuna sehemu nyuzi zinageuka na kulala kinyume na wenzake, na hapo ndio unaona kivuli. Kwa nini zinageuka mahali fulani na si kwingine? Watu wa viwanda na maabara wamechunguza miaka mingi na hawajapata sababu moja ya kushika. Chenye wanakubaliana ni kwamba ikishakaa vizuri, haiondoki. Ukipiga brashi itatulia siku moja mbili, kisha inarudi pale pale.

Kuijua ni rahisi. Simama upande mmoja uone doa ni jeusi. Zunguka usimame upande wa pili. Kama pale palipokuwa peusi sasa panakaa peupe, hicho ni kivuli, hakuna kitu cha kuosha. Doa la chai ama mafuta litabaki jeusi popote umesimama. Na kama unapanga kununua, kapeti yenye maua ama michoro inaficha hii kitu, ile ya rangi moja inaianika.

Lakini wasee wa kuosha nao wasijifanye malaika. Kuna uharibifu tunaleta sisi. Brashi ngumu ya kusugua simiti inafumua nyuzi zilizosokotwa, kapeti inakuwa kama mswaki umeisha. Na Jik, yawa. Kwa kapeti ya sufu Jik haitoi rangi peke yake, inakula uzi wenyewe. Ukiona msee anamimina Jik kwa kapeti yako bila kuuliza imetengenezwa na nini, chukua kapeti yako uende.

Nikirudi kwa ile kazi leo, kapeti haingeguswa na maji kabla kastoma aione kwa jua. Tandaza nje, tembeeni nayo pamoja, umwonyeshe njia ya kijivu, mashimo ya meza, na kivuli kutoka pande zote mbili. Piga picha, tuma kwa WhatsApp yake, na uandike tu hivi: "Mathe, hapa na hapa tutaosha lakini rangi haitarudi, nyuzi zimeisha. Bado tuendelee?" Akisema ndio, mko sawa. Akisema hapana, umeokoa maji na siku yako.

Wewe mwenye kapeti, igeuze kila baada ya miezi michache, ile ya mlangoni ikae chini ya dirisha, ndio miguu isipige mahali pamoja mwaka mzima. Huna mashine ya kufyonza vumbi? Ianike ikiwa imegeuzwa, uichape kutoka nyuma, mchanga uanguke chini badala ya kuzama. Na usipake mafuta miguu kisha ukimbie juu yake ingali mibichi. Mafuta yanashika vumbi, na hiyo ndio njia ya kijivu unaanza kuchora mwenyewe.