Vitabu Viwili Kando ya Kitanda

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe. Mimi, msomaji wangu, sikuhitaji mtu wa kuniamsha. Katika mwaka mmoja nilistaafu ualimu na nikamzika mke wangu, na kwa miezi minane iliyofuata saa nane ya usiku ilinikuta macho, moyo ukienda mbio kama wa mtu anayefukuzwa na nyuki. Hospitali walinipima wakaniambia moyo wangu ni mzima. Nikarudi nyumbani na moyo wangu mzima, na hofu yangu ileile.

Mwalimu akipatwa na jambo hukimbilia kitabu. Katika kabati langu kilikuwapo kitabu kikuukuu nilichokinunua zamani kwa muuza vitabu wa kando ya barabara: Self-Help, cha Samuel Smiles. Huyu alikuwa Mskoti, aliyezaliwa mwaka 1812 katika mji wa Haddington, akasomea udaktari, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti na kazi za shirika la reli. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1859, na katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala zipatazo 20,000. Alipofariki mwaka 1904 nakala zilikuwa zimefika robo milioni. Mwaka 1871 kilikuwa kimekwisha kufasiriwa kwa Kijapani na Nakamura Masanao, na vijana wengi wa Japani wakakisoma kama somo la kujenga taifa. Vitabu vingi vya aina hii vilivyofuata vilirithi jina hilo la kujisaidia.

Smiles alisimulia maisha ya wafinyanzi, mafundi na wavumbuzi waliopanda kwa jasho lao. Funzo lake ni bidii, uvumilivu na kujitawala. Basi nikajitawala. Niliamka saa kumi alfajiri nikaoga maji ya baridi. Niliandika ratiba ya siku nzima, kama ile niliyokuwa nikiibandika ukutani darasani. Usiku niliuamuru moyo utulie. Lakini kadiri nilivyouamuru ndivyo ulivyozidi kupiga, na kulipokucha nilikuwa na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza: aibu. Nilijiambia kwamba watoto wa mafukara wa Uingereza waliweza, nami, mtu mzima mwenye pensheni, nimeshindwa hata kulala.

Siku moja alikuja mpwa wangu, ambaye ni muuguzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza nalala saa ngapi. Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. Nilimweleza yote, hata ya maji ya baridi. Hakucheka. Alisema, "Mjomba, unapigana na moyo wako mwenyewe, na mshindi hatapatikana." Juma lililofuata aliniletea kitabu cha daktari mmoja wa Australia, Claire Weekes, akaniomba nisome kurasa chache tu kwa siku, naye angekuja Jumamosi tuzungumze.

Maisha ya mwanamke huyu ni somo tosha. Alizaliwa Sydney mwaka 1903, akasomea elimu ya wanyama, akachunguza uzazi wa mijusi, na mwaka 1930 akawa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Sydney. Kabla ya hapo, akiwa kijana, aliambiwa kimakosa kwamba ana kifua kikuu, akatengwa kwa miezi kadhaa. Alipotoka, moyo wake ulikuwa ukienda mbio bila kukoma, naye akaamini kuwa anakufa. Rafiki yake aliyekuwa amepigana katika Vita Kuu ya Kwanza alimweleza kwamba mioyo ya askari nayo ilipiga hivyo hivyo vitani, na sababu yake ni hofu. Maneno hayo yalimfungua. Baadaye alisomea utabibu, na mwaka 1962 akatoa kitabu chake cha kwanza kwa wagonjwa wa hofu.

Mafundisho yake ni machache. Hofu ya kwanza huja yenyewe, kama mshtuko wa mlango kubamizwa. Hofu ya pili ni ile tunayoiongeza sisi, tunapoiogopa hofu ya kwanza. Dawa ni kuikabili, kuikubali, kuelea juu yake kama mtu aliyelala chali baharini, na kuuacha muda upite. Nilikulia pwani, najua kuelea. Anayepiga piga mikono ndiye anayezama.

Usiku ule moyo ulipoanza, sikuuamuru kitu. Niliuacha ukimbie. Sikupona siku hiyo, wala wiki hiyo. Lakini ilikuwa mara ya kwanza nilipolala kitandani bila kugombana na mtu.

Je, Smiles alikosea? Kwa muda nilidhani hivyo, hadi nilipourudia utangulizi wake ambao nilikuwa nimeuruka. Anaeleza kwamba kitabu kilianzia Leeds, ambako mwaka 1845 alialikwa kuzungumza na vijana wafanyakazi waliokuwa wakifundishana jioni. Walianza wawili watatu, wakafikia karibu mia, wakakodi chumba kilichowahi kuwa hospitali ya kipindupindu. Yaani kitabu cha kujisaidia kilizaliwa na watu waliokuwa wakisaidiana! Smiles mwenyewe alikuja kulijutia jina alilokipa, kwa kuwa wengine walidhani anasifu ubinafsi. Mimi nilikisoma peke yangu, usiku, mlango umefungwa.

Hapa nilimkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858, mwaka mmoja tu kabla ya kitabu cha Smiles, mama huyu wa pwani yetu, mjane na mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa mawaidha. Si yote aliyomwusia yanakubalika leo, lakini alimjua aliyekuwa akimwusia. Kitabu cha dukani hakimjui msomaji wake.

Wataalamu nao wameliona jambo hili. Mwaka 1989 nchini Marekani, Forrest Scogin na wenzake waliwapa wazee wenye sonona ya wastani vitabu vya kusoma, na hali zao zikapata nafuu. Lakini wazee hao hawakuachwa peke yao; walipigiwa simu kila wiki. Huko Wales, tangu mwaka 2005, madaktari waliweza kumwandikia mgonjwa kitabu akakichukue maktaba, kama anavyoandikiwa dawa. Naye ambaye sonona imemzidi, asiyeweza kula au anayefikiria kujitoa uhai, asipewe kitabu akaachwa. Apelekwe kwa daktari.

Vitabu vyote viwili bado viko kando ya kitanda changu. Cha Smiles nakisoma mchana, nikiwa na kazi ya kufanya. Cha Weekes sikifungui sana siku hizi, ila Jumamosi namtengea mpwa wangu kiti barazani na kikombe cha chai. Wakati mwingine hatuzungumzi habari za vitabu kabisa.