Kigiriki cha sokoni kilivyonisuta katika magofu ya Athens

Jabali la Areopago linateleza kuliko sabuni. Miguu ya wageni imelisugua kwa karne na karne hata uso wake unang'aa, na Wagiriki wameona heri kuweka ngazi ya chuma kando ya vidato vya kale vilivyochongwa mwambani. Mimi, na umri wangu huu wa miaka sitini na ushei, niliipuuza ngazi nikavishika vidato. Nilifika juu kwa mikono na magoti. Mwongozaji wetu, mama wa makamo aliyesomea akiolojia, alinitazama nikipangusa suruali akasema, "Profesa, hata Mtume Paulo angetumia ngazi."

Tulikuwa kundi dogo kutoka Nairobi. Wenzangu wengi walikuja kufuata nyayo za Paulo. Mimi nilikuja kufuata lugha. Nilidhani haya ni mambo mawili mbalimbali. Kumbe!

Chini ya jabali hilo pana bamba la shaba lenye maandishi ya Kigiriki. Ni hotuba ambayo Matendo ya Mitume, sura ya 17, yasimulia kuwa Paulo aliitoa hapo Areopago, akianza na madhabahu aliyoiona mjini, iliyowekwa kwa ajili ya mungu asiyejulikana. Areopago lilikuwa jina la jabali na pia la baraza la wazee wa Athens, lililosikiliza kesi za mauaji tangu zama za kale mno. Mama yule alitusomea bamba kwa sauti, polepole. Kisha akasema jambo lililonifanya nitoe kijidaftari changu mfukoni: "Mjue kwamba wenye elimu wa siku zile wangekiona Kigiriki hiki kuwa cha sokoni."

Alikuwa na maana gani? Kabla ya Aleksanda Mkuu, aliyefariki mwaka wa 323 KK, Wagiriki walizungumza lahaja nyingi: ya Athens, ya Sparta, ya visiwani na kadhalika. Majeshi, mabaharia na wafanyabiashara walipotawanyika hadi Misri na Asia, lahaja hizo zilichanganyika, ile ya Athens ikiwa msingi, ikazaliwa lugha waliyoiita koine, yaani ya pamoja. Wageni wengi walijifunza lugha hiyo wakiwa watu wazima, wakairahisisha, wakaitia vionjo vya lugha zao. Wasomi hawakuipenda. Wengi wao, karne nne baada ya Plato, waling'ang'ania kuandika kama Plato. Agano Jipya liliandikwa kwa koine.

Katika sura hiyohiyo ya 17, wanafalsafa wa Athens wanamwita Paulo spermologos. Biblia niliyolelewa nayo inasema "mpuuzi", na sina ugomvi nayo. Lakini neno lenyewe ni tamu zaidi. Kwa asili ni ndege anayedonoa mbegu. Baadaye likawa tusi la mtu anayezurura sokoni akiokota masazo, na mwishowe msemaji anayeokota vijineno vya wenzake bila kuvielewa. Mdonoa punje! Mtu wa koine, anayesema kama mchuuzi, anathubutu kuwahutubia wenye falsafa.

Na Kiswahili nacho kimedonoa punje hapo, ingawa kwa mkono wa Kiarabu. Falsafa, kanuni, karatasi, kalamu, almasi, fanusi, hata Injili, yote yana mzizi wa Kigiriki. Jina Yunani lenyewe tulipewa na Waarabu, likitokana na Ionia. Ugiriki tulilipata Ulaya. Wenyewe hawatumii lolote kati ya hayo, wao husema Elladha. Tena maelezo marefu ya kwanza tuliyo nayo kuhusu mwambao wetu wa Afrika Mashariki yaliandikwa kwa koine hiyohiyo, na mfanyabiashara wa karne ya kwanza BK ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Kitabu chake, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja bandari iitwayo Rhapta, na kinaeleza kwamba jina hilo linatokana na vyombo vilivyoshonwa. Mwenye kuujua mtepe wa Waswahili, jahazi lisilo na msumari hata mmoja, hahitaji ufafanuzi zaidi. Kigiriki cha sokoni ndicho kilichotuandika. Cha Plato hakikufika huku.

Kutoka Areopago tulipanda Akropoli. Sitakaa sana hapo, maana picha za Parthenon zimejaa kila mahali. Itoshe kusema kwamba jengo lile lililoanzwa mwaka wa 447 KK kwa heshima ya Athena lilikuja kuwa kanisa la Bikira Maria, kisha msikiti, kisha ghala la baruti, na mwaka wa 1687 kombora la Waveneti likalilipua. Sehemu kubwa ya sanamu zilizosalia iko London. Mama yule alipolitaja jambo hilo la London alinyamaza kidogo, nasi tuliotoka Kenya tukanyamaza naye, kila mmoja akikumbuka ya kwake.

Kilichonivutia zaidi kilikuwa bondeni, kwenye Agora. Neno hilo lilimaanisha soko na mkutano kwa pamoja. Hapo raia wa Athens waliweza kumfukuza mwanasiasa kwa miaka kumi bila kumshtaki kwa kosa lolote: kila mmoja alikwaruza jina kwenye kigae cha chungu, na kura zikitimia 6,000 mtu anafunga virago. Vigae hivyo viko ndani ya makumbusho ya Agora, na tahajia zake zina makosa ya kila namna. Wataalamu walikuta katika kisima kimoja, kwenye mteremko wa kaskazini wa Akropoli, vigae takriban 190 vyenye jina la Themistokles, yule jemadari aliyewashinda Waajemi baharini. Walipochunguza mwandiko waligundua kuwa viliandikwa na mikono 14 tu. Kura zilizotayarishwa mapema, kusubiri wapigaji! Kicheko kilichotutoka sisi Wakenya kiliwashangaza watalii wengine.

Tulipita Eleusis, kama kilomita 20 magharibi ya Athens, mahali ambapo Wagiriki kwa maelfu walipitia ibada za siri za Demeter na binti yake Persefone. Aliyezitoa siri hizo nje alistahili kifo. Waliopita unyago au jando wataelewa. Leo pana viwanda na mnuko wa mafuta, na siri ingali siri.

Siku ya tatu tulikwenda Delphi. Barabara inapanda milima ya Parnassos mpaka masikio yanaziba. Wagiriki waliamini kwamba hapo ndipo kitovu cha dunia, na jiwe la kitovu wanalo hata sasa katika makumbusho yao. Wafalme walituma wajumbe kumuuliza kuhani wa kike wa Apollo kama waende vitani au la. Kila mwongozaji husimulia habari ya mfalme Kroisos, aliyeambiwa kuwa akivuka mto ataangamiza dola kubwa, akavuka, akaangamiza dola yake mwenyewe. Wetu naye aliisimulia. Mimi nilikuwa nimeshabaki nyuma, nimesimama mbele ya ukuta.

Ni ukuta unaoshikilia uwanja wa hekalu, wa mawe yenye pembe nyingi, yaliyopachikwa kwa ufundi kama vipande vya fumbo la watoto. Ukiusogelea unaona kwamba umejaa herufi ndogondogo kutoka ncha moja hadi nyingine. Nilidhani ni sala. La hasha. Ni hati za kuwaacha huru watumwa, mamia kwa mamia, nyingi za karne mbili za mwisho kabla ya Kristo. Kisheria mtumwa hakuweza kujinunua, kwa hiyo "aliuzwa" kwa Apollo: bei inatajwa, mashahidi wanatajwa, jina la mtumwa linatajwa, na mungu anakuwa mnunuzi kwa niaba yake. Hati ikichongwa ukutani hakuna wa kuikana.

Lakini katika hati nyingi mna sharti. Kigiriki chake ni paramone, yaani kubaki. Mtu huyu ni huru, ila abaki na bwana wake, au na mke wa bwana wake, akimtumikia kama awali mpaka mwenye nyumba afe. Niliyasoma majina kadhaa kwa kubabaika na Kigiriki changu cha kuokoteza: mwanamke, mwanamke mwingine, mtoto. Kuna wafalme wengi ambao majina yao yamefutika kabisa, na haya yapo. Tuliozaliwa kwenye mwambao huu, uliojua soko la watumwa na hati za uhuru, hatuwezi kupita hapo kwa kupiga picha tu.

Makumbusho ya Delphi pia yana vipande vya barua ya Kaisari Klaudio vinavyomtaja Gallio, liwali wa Akaya. Ni kwa vipande hivyo wanahistoria huweza kusema kwamba Paulo alisimama mbele ya Gallio mjini Korintho mnamo mwaka wa 51 au 52 BK. Kesho yake tulisimama penyewe: jukwaa la mawe katikati ya soko la Korintho. Soko tena! Wenzangu walisali, nami nikakaa kivulini nikitazama nguzo saba za hekalu la Apollo.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Siku ya mwisho tulirudi Athens, kwenye Hekalu la Zeus. Lilianzwa karne ya sita KK, likamalizika wakati wa Kaisari Hadriano, karne ya pili BK. Subira hiyo! Kati ya nguzo 104 zimesalia 15 zilizosimama na moja iliyoangushwa na dhoruba mwaka wa 1852, vipande vyake vimelala kama mkate uliokatwa. Mama yule alitukalisha mbele ya nguzo hiyo. Akasema hapo, Novemba 1901, umati ulikusanyika kupinga tafsiri ya Injili.

Tafsiri kwa lugha gani? Kwa Kigiriki! Gazeti moja la Athens, gazeti la kila siku kama hili unalolisoma, lilikuwa likichapisha kidogo kidogo Injili ya Mathayo kwa dimotiki, lugha ya kawaida ya watu. Mfasiri alikuwa Alexandros Pallis, mfanyabiashara aliyeishi Liverpool. Wasomi walikuwa na lugha yao iliyosafishwa, katharevusa, iliyoundwa ili ifanane na ya kale, na mwananchi wa kawaida hakuielewa vyema. Waliona dimotiki ni matusi kwa Neno la Mungu na kwa taifa. Wanafunzi wa chuo kikuu, tena kwa kuungwa mkono na baadhi ya maprofesa, waliandamana wakitaka watafsiri watengwe na kanisa. Askari walifyatua risasi. Watu wanane walikufa. Askofu mkuu akajiuzulu, serikali ikaanguka. Mwaka wa 1911 katiba ikakataza kutafsiri Maandiko bila idhini ya kanisa. Dimotiki haikuwa lugha rasmi ya shule na ofisi hadi 1976.

"Na maandishi waliyoyatetea," mama yule alisema, "yalikuwa ya sokoni tangu mwanzo."

Nilinyamaza. Wenzangu waliuliza maswali mengi, mimi sikuwa na la kuuliza.

Miaka mingi iliyopita kijana mmoja aliniletea sura ya tasnifu yake ya uzamili. Alikuwa amepanda matatu za Eastlands kwa miezi kadhaa akinukuu maneno ya makanga: namna wanavyoita abiria, wanavyogombana, wanavyohesabu pesa. Nukuu zake alikuwa ameziandika jinsi zilivyosemwa. Nilizijaza wino mwekundu. Nilimwambia chuo kikuu si steji, ayaandike yote kwa Kiswahili sanifu kisha arudi. Akaniuliza kwa adabu, "Profesa, nikiyasanifisha, nitakuwa nimeandika kuhusu nani?" Nilimjibu kwa ukali wa aliyekosa jibu. Hakurudi. Baadaye nilisikia ameacha masomo, anauza simu mjini.

Wala sitaki nieleweke vibaya. Kiswahili sanifu nimekitetea maisha yangu yote na ningali nakitetea. Hata hivyo, najua nacho kilichaguliwa. Kamati ya 1930 ilikijenga juu ya Kiunguja, na wazee wa Mombasa waliolelewa kwa Kimvita, lahaja yenye mashairi ya kupigiwa mfano, waliambiwa kwamba wanakosea lugha ya mama zao. Nilifundisha historia hiyo kila mwaka, darasani, kwa masikitiko kabisa. Kisha nikatoka darasani nikaingia ofisini, nikachukua kalamu nyekundu.

Wiki hii nimeitafuta sura ile kabatini nikaipata. Nimeisoma yote kwa mara ya kwanza, maana siku ile nilikomea ukurasa wa sita. Kuna makosa ya tahajia, na hayo nilikuwa na haki ya kuyasahihisha. Kuna ukurasa wa kumi na moja, ambapo makanga anabishana na mama mzee kuhusu shilingi kumi, ambao sijausoma mfano wake katika utafiti wowote nilioutahini. Nambari ya simu niliyokuwa nayo haipatikani. Ikiwa mwenyewe anasoma safu hii, aniandikie kupitia kwa mhariri.